Sauti Iliyobaki Ilivyopata Watu Wake Finland

Dada zangu, masalkheri. Naona wa Bahla wamefika, wa Mudhaibi wamefika, na sisi wa Ibra kama kawaida tumechelewa tukaisingizia njia. Bibi msimamizi wa kikao chetu hiki cha tuliougua kaniambia leo ni zamu yangu ya kusimulia. Nikamwambia miye nikianza kusema sinyamazi. Akanijibu, "Ndiyo maana nimekuchagua." Basi nistahamilieni. Majina ya watu sitayataja, kwa sababu wapo hai na sikuwaomba ruhusa, lakini mambo yenyewe yalikuwa hivi hivi.

Walio watu wazima hapa wananijua kwa harusi. Nilikuwa nikiimba upande wa wanawake, huku kwetu Oman, Ibra, Sur, mpaka hapa Nizwa, na nikipiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi unailaza mapajani. Nyimbo nilizipata kwa mama yangu, aliyekuja nazo kutoka Unguja. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na ya juu. Nikipanda nayo, mabibi waliacha kula wakanitazama. Sijisifu, ilikuwa hivyo, na nilidhani itakuwa hivyo mpaka nizeeke.

Kisha kikaniota kivimbe shingoni. Nyote humu mnaijua hadithi hiyo, kila mmoja wenu kwa upande wake: vipimo, kungoja, ile kauli ya daktari ambayo unaisikia mpaka katikati halafu masikio yanaziba. Nikapasuliwa. Alhamdulillahi, maradhi yakaondoka. Lakini mshipa wa sauti ulikuwa umeshaguswa na ule uvimbe, na nilipofungua kinywa baada ya wiki kadhaa, alitoka mtu mwengine. Sauti nzito, ina mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Mtoto wa dada yangu alinipigia simu, nikaitikia, akasema, "Ammi, nipe Khalti." Alidhani anazungumza na mume wangu, na khalti anayemtaka, mama yake mdogo, ndiye miye.

Nilicheka. Nilipoweka simu chini nikalia.

Wenye harusi wakatafuta mwengine, na siwalaumu, bibi harusi hawezi kungoja. Ganuni nikaifunika shuka, nikaitia chumba cha wageni. Sikuwa nikienda kwa watu. Nikialikwa nasema naumwa kichwa. Mume wangu alivumilia miezi, halafu siku moja akasimama mlangoni mwa chumba kile.

"Bi mkubwa, mbona umeivisha sanda?"

"Nimeikinga vumbi."

"Vumbi gani, na nyumba unaifagia asubuhi na jioni?"

Asubuhi ya pili niliifunua, nikaitia sauti nyuzi moja moja, na vidole vikakumbuka. Nikapiga bila kuimba. Dada yangu anayekaa Sur akataka kusikia, nikajirikodi kwa simu, mikono tu na nyuzi, uso sikuutia kabisa. Yeye, bila kuniuliza, akaitia kwenye mtandao. Nilimkasirikia. Akasema, "Mikono haina jina, nani atakujua?"

Kweli, huku hakuna aliyenijua. Ila baada ya siku chache dada yangu akanipigia anacheka. "Kuna mtu anakuuliza suali." Mwanamke wa Finland. Hakusema vizuri sana wala mashaallah. Ameuliza: zile pini ndogo za chuma kushoto, unazozigeuza na huku unapiga, kila moja inabadilisha sauti kiasi gani?

Dada zangu, nakwambieni, maisha yangu yote ya harusini hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya zile pini. Nilikaa kitako nikamjibu kwa Kiingereza changu cha skuli, kirefu, na picha juu yake. Akanijibu kwamba na yeye anapiga ala ya kwao inaitwa kantele, nayo ni nyuzi juu ya ubao, inalazwa mapajani vile vile. Akanipelekea rikodi. Nilimwita mume wangu aje asikie. Tukasikiliza, tukatazamana. Ilikuwa kama kusikia binti ya khalti yako ambaye hukujua kama yupo.

Hapo ndipo udadisi uliponishika. Nilitaka kujua: huyu mtu, kwao theluji, jua wakati mwengine halichomozi, anasikia nini kwenye nyuzi zangu? Nikamuuliza. Akasema hajui, lakini atawauliza na wenziwe. Wakaja wenziwe. Mwalimu wa muziki wa Norway. Mstaafu mmoja wa Sweden anayechonga ala mwenyewe. Kila aliyeandika nilimjibu, na kila niliyemjibu nilimuuliza kitu: unasikiliza saa ngapi, unafanya nini wakati huo, wimbo huu umekukumbusha nini? Mmoja akasema anausikiliza akiwa anafuma sweta. Mwengine akasema bila shaka wimbo huu una maneno yake, nimwambie yana maana gani. Nikaanza kuandika maana chini ya kila wimbo. Wakaongezeka polepole, kama maji ya falaji, ile mifereji yetu ya kale, yanavyoingia shambani, huoni yakija, unaona tu ardhi imerowa.

Ila kuimba bado. Nilikuwa na rikodi za zamani, sauti yangu ile ya juu. Nikawa nazitia chini kwa chini na miye napiga ganuni juu yake. Wasikilizaji wakadhani ni mwimbaji mwenzangu. Nikawaacha wadhani.

Basi jamaa mmoja wa kwetu, anaishi mji mkuu wa Sweden, akasema njoo upige huku, watu wa Afrika Mashariki ni wengi, ukumbi utajaa. Tukasafiri, mume wangu kakumbatia ganuni kama mtoto mchanga. Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vyekundu, vimepangwa vizuri. Jamaa yetu alikuwa ametangaza kwenye makundi ya simu ya watu wa kwetu, basi. Siku yenyewe theluji ilianguka, watu walikuwa makazini, na wengine walitarajia tutaanza kwa saa zetu zile tunazozijua. Wenyeji wa nchi hawakuwa na khabari kabisa. Nilipiga mbele ya viti. Walikuwepo jamaa yetu, mkewe, mlinzi wa ukumbi, na mume wangu aliyekuwa akihama kiti hiki kwenda kile, masikini, ili paonekane pana watu.

Nilimwambia, "Khalas. Turudi."

Akasema, "Na yule bibi wa kantele? Si umemwahidi utafika kwake?"

Kwa kweli nilitaka kumkimbia hata yeye. Lakini ahadi ni ahadi. Tukapanda meli, tukavuka mpaka Finland, na yeye akatupokea bandarini na makoti mazito mawili mkononi. Mrefu, nywele nyeupe, maneno machache. Nikamhadithia ukumbi mtupu. Sisi tungesema pole, tungelaani theluji. Yeye aliniuliza, "Nani alikwambia uanzie mji mkuu?"

Nikavaa koti alilonipa, tukaingia garini.

Akanieleza akiwa anaendesha gari. Huku, akasema, mgeni asiyejulikana haanzi na ukumbi mkubwa. Anaanza na watu ambao tayari wana sababu ya kuja. Kuna vyama vya muziki wa jadi kila mji mdogo. Kuna maktaba zinazotaka kitu cha kuwaonyesha watu wakati wa baridi. Kuna madarasa ya jioni ya watu wazima wanaojifunza ala. Unawaandikia mapema, mapema khasa, kwa sababu kalenda zao zinajaa msimu mzima kabla. Unawaambia wewe ni nani kwa maneno machache na kweli. Na ukisema saa kumi na mbili, basi saa kumi na mbili. Yeye alikuwa ameshawaandikia wa maktaba ya mjini kwake tangu kiangazi, hakuniambia tu, alidhani najua kwamba ndivyo mambo yanavyofanywa.

Mji wenyewe una mtaa mmoja mkubwa na miti mingi kuliko watu. Siku zilikuwa fupi mno, Adhuhuri na Alasiri zimegusana, ukichelewa kutawadha moja unaikuta ya pili imeshafika. Mchana tulikwenda maktaba, na wakati bado, watu wamekwisha kaa. Wanaume, wanawake, wamevua viatu vya theluji mlangoni, wamekaa na soksi za sufu. Nikajisikia nimeingia sabla, baraza ya kijijini kwetu.

Nikapiga. Nikamaliza. Kimya. Hakuna kigelegele, hakuna aah, hakuna anayetikisa kichwa. Wananitazama tu. Nikamtupia jicho mume wangu, naye macho yamemtoka. Nikajua hawakupenda. Nikapiga wimbo wa pili, huu na ile rikodi ya sauti yangu ya zamani. Kimya tena, kisha makofi ya taratibu, ya adabu.

Bibi wa maktaba akasema kama kuna masuali yaulizwe. Mzee mmoja wa mbele akanyanyua mkono. Rafiki yangu akanitafsiria: "Anauliza, huyu anayeimba kwenye spika ni nani? Mbona hukuja naye?"

Ningeweza kusema lolote. Ningesema ni mwenzangu, yupo Ibra, anaumwa. Lakini yule mzee alikuwa anataka kujua kweli, na miye mtu anayetaka kujua siwezi kumdanganya usoni.

Nikasema, "Ni miye. Miye wa zamani. Nilipasuliwa shingo."

Rafiki yangu alinigeukia, na yeye pia alikuwa hajui. Akatafsiri polepole. Mzee akatikisa kichwa, akafikiri, kisha akauliza tena, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia: "Na wewe wa sasa unaimba vipi?"

Dada zangu. Huku kwetu kila mtu alikuwa ananihurumia. Walinionea uchungu kwa sauti iliyokwenda, Mungu awalipe. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hii iliyobaki ikoje. Na miye mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Niligundua pale pale, mbele za watu na soksi zao, kwamba sijui jibu.

Nikamwambia mume wangu azime spika. Nikashusha wimbo chini, chini kuliko nilivyowahi kuimba, mahali ambapo ile sauti nyembamba isingeweza kufika. Ni wimbo wa mama yangu, unahusu mtu aliyehama nyumba na bado anaota milango yake. Sauti ilikwaruza. Pahala pamoja ilikatika, nikangoja, ikarudi, nikaendelea. Nikamaliza, nikaweka viganja juu ya nyuzi.

Kimya kile kile. Kikawa kirefu. Nikasema moyoni, basi, nimejua.

Kisha wakasimama. Hawakupiga kelele. Walijipanga msitari mpaka kwenye rafu za vitabu, na kila mmoja alikuja na suali lake. Milango ile ilikuwa ya nyumba gani? Mama yako aliimba wakati gani wa siku? Naweza kugusa nyuzi? Bibi mmoja mzee alisema familia yake nayo ilihama kwao wakati wa vita, akiwa mtoto, na yeye huota jiko. Nilimshika mkono, hatukusema zaidi. Rafiki yangu aliniambia baadaye, "Kile kimya ndicho kikubwa wanachokupa. Ungesikia mtu anakohoa, hapo ndipo ungekhofu."

Mume wangu, ndani ya gari, alisema neno moja tu: "Ningelipa safari hii mara mbili."

Kuanzia hapo nilifuata njia aliyonionyesha. Sikurudi ukumbi wa viti vyekundu. Tulikwenda miji midogo, Finland kwanza, halafu Norway na Sweden, maktaba, vyama vya jadi, na nyumba za watu wanaotoa viti vyao sebuleni na kualika majirani. Mchana nawafundisha kutia sauti ganuni, na baada ya hapo naimba. Redio ndogo ya mkoa ilinihoji, na waliosikia walikuja. Anayetaka kupata khabari huniachia anwani yake, na miye humwandikia barua ya kweli, siyo tangazo: tende zimeiva, mama anaumwa goti, nitakuja kwenu majira kama ya mwaka jana. Nikirudi mji ule ule, kila mmoja amekuja na rafiki. Sijawa maarufu, msinielewe vibaya. Ukinitaja mji mkuu wa nchi yoyote kati ya hizo watakuuliza nani huyo. Lakini wapo watu, katika miji ambayo hata kuitamka sijaweza sawasawa, wanaoningoja.

Namshukuru Mungu kwanza. Nawashukuru madaktari walionipa uhai, dada yangu wa Sur kwa kutoniomba ruhusa, mume wangu aliyehama viti. Rafiki yangu wa kantele, anajua. Na yule mzee wa mbele, ambaye hata jina lake sikulipata.

Sikuja hapa kushuhudia kwamba nimerudishiwa nilichopoteza. Sikurudishiwa. Ile sauti imekwenda na haitarudi, na bado siku nyengine naisikia kwenye rikodi nikaililia kama maiti wa nyumbani. Nimekuja kusema kwamba hii niliyobakishiwa nayo ilikuwa na watu wake, ila walikuwa mbali, na nilipaswa kuwauliza na kukubali kuulizwa. Mwenzako akipoteza kitu, mpe pole, ndiyo. Halafu muulize na kilichobaki, na ungoje jibu.

Na wewe bibie uliyekaa karibu na mlango, mwenye mtandio umefungwa shingoni. Nimeambiwa ndiyo mara yako ya kwanza, na kwamba tangu upasuliwe hujasema mbele za watu. Leo usituambie kitu. Siku utakayotaka, kwa sauti yoyote itakayotoka, njoo ukae hapa nilipokaa miye. Tutanyamaza sote tukusikilize.