Mama Sylvesta na Jiko la Uji

Tarehe 30 Juni 1986, Mkunga Ursula Bura, ambaye sote tunamwita Mama Sylvesta, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika zahanati yetu hapa Babati. Wengi wetu tunaosoma taarifa hii tulipokelewa duniani na mikono yake, naye hutukumbusha tukimbishia: "Wewe nilikuona kabla hujavaa hata nepi."

Ningependa kuandika vicheko tu, kwani nimeolewa juzi baada ya Pasaka na moyo wangu bado unaimba. Lakini furaha yangu ina chanzo, na chanzo chenyewe ni kichungu.

Mwaka 1983 sabuni ilikuwa hakuna, unga hakuna, mafuta ya taa kwa foleni. Masika yale wazazi watatu walikufa kwa homa ya uzazi wodini kwetu. Wa mwisho alikuwa Kandida wa Nakwa, aliyeacha kichanga. Ikaonekana kwamba vifaa vya kuzalishia havikuchemka vya kutosha, kwa sababu mafuta ya jiko yaliisha mapema. Mchemshaji alikuwa kijana Modesti. Watu wakaamua kwamba anayauza, na siku zile mlanguzi hakuonywa, alifungwa. Hatibu wa dukani alimpigia kelele sokoni: "Mhujumu! Leo chupa unatuuzia bei gani?" Kamati ya zahanati ikajiandaa kumkabidhi polisi.

Mama Sylvesta akaomba wasubiri. Kumfunga mtu, alisema, hakuponyi homa. Akahamia jikoni, na kila alipopewa jibu aliuliza tena: na hilo limeletwa na nini? Mafuta yanaisha kwa sababu jiko linawaka kutwa. Linawaka kutwa kwa sababu linapika uji. Linapika uji kwa sababu wazazi wanafika na njaa. Kwa hiyo sufuria ya vifaa ikipata moto tu inateremshwa, uji uwahi. Na nani aliagiza hivyo?

Aliagiza yeye mwenyewe. Kwetu mzazi hasubirishwi uji, na katika njaa ile yeye ndiye aliyesema uji utangulie, mengine yafuate.

Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angemtaja. Alisimama mbele ya kamati, mume wa Kandida akiwa ameketi palepale, akasema: "Modesti hajauza hata tone. Amri ilikuwa yangu." Mume yule alitoka bila kumwangalia. Hadi leo hajamsalimia.

Kesho yake Mama Sylvesta alipanga mafiga nyuma ya wodi. Tangu hapo kila familia inayomleta mzazi huja na mzigo wa kuni kwa ajili ya uji, na jiko la mafuta halichemshi kingine ila vifaa. Homa ile haijaua mzazi mwingine wodini kwetu. Ukimsifu kwa hilo, huondoka.

Modesti yule ndiye mume wangu. Jamani, napenda kuliandika neno hilo! Bila swali la Mama Sylvesta angekuwa gerezani, nami nisingejua kwamba mtu anaweza kupendwa hivi.

Mama, asante. Nenda kwako Sigino ukapumzike, mahindi yako yastawi, na usingizi wako uwe mtulivu kuliko miaka hii mitatu. Mungu akitujalia mtoto, nitajifungulia katika wodi ileile. Modesti atakuja na kuni begani.