Mguu Usiouma

Kwenye basi la kutoka Kitale nilikaa nyuma ya mzee wa Myanga aliyefunga mguu kwa kitambaa. Alikuwa anamwonyesha mama aliyekaa naye chupa ndogo ya mafuta ya ti-tri, yale ya majani ya kupaka vidonda. Harufu ya mafuta ilikuwa kali, lakini ya mguu iliishinda. "Haya yanaua viini vyote, mama. Hospitali ya nini?"

"Si umesema una sukari, mzee? Wacha wakuangalie leo."

"Ati wanikate? Zamani hiki kidonda kilikuwa kinauma mpaka ninalia. Sasa hata ukikikanyaga sisikii kitu. Si ndiyo kupona?"

"Mama yangu pia alisema hivyo, akachelewa. Tulimzika akiwa na mguu mmoja."

"Hakuwa na haya mafuta, bana," mzee akasema, akacheka peke yake.

Basi likasimama Bungoma. Mama akamwambia, "Twende hospitali, nitakushika mkono." Mzee akajibu kwamba gari la Myanga litamwacha, akashuka haraka. Patipati aliyovaa ule mguu wenye kidonda ilichomoka, ikabaki chini ya kiti. Niliiokota nikasogea dirishani. Alikuwa anakanyaga kokoto, na wala hakuangalia chini.