Dorothée Apendeki na Maharagi ya Lubondja

Mama Dorothée Apendeki alizaliwa Kilembwe tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza wa wakulima. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akapata diploma ya kilimo Uvira mwaka 1989.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na Baba Wilfried hapa Baraka. Siku yake ya kwanza ukweni alionja maharagi, akamwambia mama mkwe, "Mama, hii mbegu iko ya kuchanganya." Alinuniwa mwezi mzima. Ukweli hakuweza kuufungia mdomoni hata kidogo.

Mwaka 2019 ushirika wa wakulima wa Lubondja ulimwajiri achague maharagi mabichi, yale yanayoliwa na maganda yake, ya kufungwa mikebeni. Alipanda aina kumi na moja, misimu mitatu. Alipima mavuno, akaangalia magonjwa, kisha kila aina akaifunga mkebeni na kuifungua baada ya miezi mitatu juu ya sahani nyeupe. Maji yakiwa machafu, ganda likichubuka, au nyuzi zikibaki menoni, aliikataa. Aina ya saba ilishinda, kwa sharti moja: ichumwe changa, kabla mbegu haijavimba.

Sasa tuyaseme. Bwana Bonaventure, rais wa ushirika, yule pale mstari wa pili wa waombolezaji, aliwaamuru wakulima wangoje wiki moja zaidi ili magunia yawe mazito. Sisi wa huku tumezoea kungoja maharagi yajae, basi wakamsikiliza. Dorothée alimfuata bureau, ofisini kwake.

"Président, hizi zimekuwa kamba. Batu batazitema."

"We mama, uzito njo mali. Enda shambani."

Maharagi yakafungwa hivyo hivyo, na wanunuzi wakarudisha mikebe yote. Kwenye mkutano wa tarehe 20 Januari 2024, Bonaventure alisimama akasema, "Aina iko mubaya. Dorothée njo alichagua." Watu wakamzomea Dorothée. Hakuna aliyefungua kinywa kumtetea, na wengi wenu mko hapa leo na leso mkononi.

Mwezi wa tatu tansio ya damu ilimpanda, mkono wake wa kuume ukapooza. Hatusemi Bonaventure alimuua. Tunasema hakuja hata kumpa pole. Kitandani, Dorothée alimwambia mdogo wake Solange, anayewasomea haya: "Siku mutanizika, musome na ya maharagi. Musiruke." Alifariki hospitalini Baraka tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mume wake Wilfried, watoto watatu, Vanessa, Guy na Fanny, wajukuu wawili, na mdogo wake Solange. Shada la ushirika, lililoandikwa "Mtumishi wetu mpendwa", tumeliacha nje ya uzio.

Wakati wa kutia udongo, wakulima wa Lubondja watakuja wote, hata walionyamaza. Tumewasamehe. Bwana Bonaventure abaki alipoketi.

Aina ya saba ilikuwa nzuri, dada. Tumeisoma habari ya maharagi mbele ya Bonaventure, hatukuruka. Sasa pumzika.