Vikopo Arobaini vya Mama Naomie

Tarehe 31 Julai 2025, Mama Naomie Lukumani, fundi mkuu wa maabara, atastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Ngozi Tupone, hapa Kisangani, kwa miaka thelathini na mitatu. Alianza mwaka 1992, akiwa na darubini moja na dirisha lenye mwanga mzuri.

Wengi tunamjua kwa ukali wake kuhusu frigo, friji ya maabara. Chakula hakiingii. Docta Alexis, mganga mkuu wetu, aliwahi kuficha pondu yake, mboga ya majani ya muhogo, nyuma ya chupa za vipimo. Mchana aliikuta mezani kwake, imebandikwa karatasi: “Sampuli isiyojulikana. Imekataliwa.” Docta alicheka, akala, na hakurudia tena.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Tangu 2021, ndani ya frigo ile walikaa bakteria hai, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Mama Naomie aliwaotesha, famasia ikawachanganya katika pomadi laini kwa wagonjwa wa ukurutu, ambao ngozi yao hukauka, huwasha na kupasuka. Ngozi yenye afya ina bakteria wake wanaoilinda. Ikiwapoteza, wabaya huchukua nafasi. Sisi tulitaka kuwarudisha wema. Awamu ya kwanza ya utafiti ilikwenda vizuri, na watoto waliokuwa wakijikuna hadi damu walianza kupata usingizi.

Machi 2023, umeme wa bwawa la Tshopo ulikatika siku nne. Sufuria ya mvuke tunayotumia kuulia vijidudu kwenye vikopo vitupu vya pomadi haikuwaka. Wagonjwa walijaa barazani, wengine wamevuka mto tangu alfajiri. Mama Naomie alitaka tungoje. Aliyemwambia kwamba kuvisuuza kwa maji ya moto kunatosha ni mfamasia wa kituo, yaani mimi ninayeandika haya. Nilimsukuma mara tatu. Mwishowe alisaini ruhusa ya kuvitoa. Vikopo arobaini vikatoka, kimoja zaidi tukabaki nacho cha akiba.

Siku ya tano baada ya kuvitoa, Papa Moïse, mvuvi wa Wagenia, aliingia mbio huku amembeba binti yake Nyota, wa miaka minne. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamefura na kutoa usaha. Papa Moïse alibamiza kikopo mezani.

“Mulitia nini mu hii pomadi? Mutoto iko anaungua moto! Mulitia nini?”

Nilianza kueleza kwamba ukurutu huwa unajiwakia wenyewe. Mama Naomie alinikatiza kwa mkono. Alimpokea Nyota, akamfikisha kwa Docta, dawa ya mshipa ikaanza. Kisha akachota pomadi iliyobaki kikoponi, akachota na ile ya kikopo cha akiba, akazipaka kwenye visahani vya kuoteshea. Jibu lingehitaji karibu siku nzima. Docta Alexis alishauri tungoje hilo jibu kabla ya kutisha watu.

“Docta, tukingoja, mutoto mwingine atapakwa leo,” Mama Naomie alisema. “Miye ninaenda kukusanya. Bon, kama nilikosea, mutanicheka kesho.”

Alipanda pikipiki, orodha ya anwani mkononi, nami nikamfuata kwa pikipiki ya pili. Makiso, Mangobo, Kabondo, mlango kwa mlango. Huko Mangobo mama mmoja alikataa kabisa kutoa chake, kwa kuwa ndiyo dawa pekee iliyowahi kumsaidia mwanawe. Mama Naomie hakubishana. Aliketi jikoni kwake, karibu na sufuria, akamweleza taratibu mpaka mama akakitoa mwenyewe. Kufikia jioni tulikuwa na thelathini na saba. Asubuhi tukapata viwili.

Na visahani vilikuwa vimejibu. Kati ya vidoa vyeupe vya bakteria wetu palikuwa na vidoa vya manjano, ving'aavyo, vile vya bakteria wa majipu. Vilikuwapo hata kwenye kisahani cha kikopo cha akiba, ambacho hakikuwahi kutoka nje. Kosa lilikuwa letu.

Kilibaki kikopo kimoja. Chantal, mgonjwa wetu aliyekuwa akijipaka mikononi, alikuwa ameenda kwao Isangi kupumzika baada ya kujifungua, na simu yake haikupatikana. Mama Naomie alibeba sanduku la dawa, tukapanda mtumbwi wa injini uliokuwa ukiondoka. Kwa muda wote wa saa saba mtoni hakula kitu. Kila injini ilipokohoa, alimkazia macho nahodha mpaka ikakaa sawa.

Tulimkuta Chantal uani, mtoto wa wiki tatu mapajani, kidole kimeshachota pomadi. Mama Naomie alipaza sauti kwa Lingala tangu langoni: “Tika! Kopakola te!” Acha, usipake. Chantal akaganda, kidole hewani. Lakini shingo ya mtoto ilikuwa tayari na malengelenge, na tangu asubuhi hakuwa amenyonya.

“Ilinisaidia miye,” Chantal alisema, “donc ndiyo maana nikamupaka na ye.”

“Haiko kosa yako. Ni yangu. Lete mutoto.”

Tulikimbia hospitalini. Kwa siku mbili hakuna aliyejua kama mtoto ataishi, na Mama Naomie hakuondoka kwenye benchi lake. Siku ya tatu mtoto alinyonya. Mama Naomie alitoka nje, akaenda nyuma ya ukuta ili tusimwone, akalia. Tulimsikia sote.

Tuliporudi Kisangani, taarifa ya kituo ilikuwa imeshaandikwa: lawama zote kwa umeme, ile courant iliyokatika. Mama Naomie aliikataa. Aliwaita wazazi uani, akasimama mbele yao.

“Vikopo havikupita mu mvuke. Ni miye nilisaini. Courant ilikatika, lakini courant haikusaini.”

Hakunitaja. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, na mdomo wangu haukufunguka. Ndiyo maana nimeomba kuandika wasifu huu.

Utafiti ulisimama miezi kumi na minne. Familia kadhaa zilituacha. Katika muda huo Mama Naomie alijaribu njia nyingine: kuwaua bakteria wema kwa joto kabla ya kuwachanganya, kwa kuwa aliona kwamba hata wakiwa wamekufa bado waliituliza ngozi, tena bila kuhitaji frigo. Pomadi hiyo ndiyo tunayoitumia leo. Hakuna kikopo kinachotoka bila kupita kwenye mvuke, hata baraza lijae vipi.

Nyota alipona, akabaki na kovu dogo shavuni. Baba yake alikaa miezi minane bila kukanyaga hapa. Kisha asubuhi moja alikuja na mdogo wake Nyota, mwenye ukurutu vilevile. Nilimkaribisha. Hakuketi. Alitazama huku na huku, akauliza:

“Ule mama mwenye alisema kweli, iko wapi?”

Mama Naomie anahamia Yanonge, kwa dada yake. Mama, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa sahihi yako. Nenda ukapumzike, ule vizuri, ulale bila wasiwasi. Afya na amani viwe nawe siku zote.

Djuma Nassoro, mfamasia, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tupone