Mtoto Ametulia, Ukuta Unatikisika

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya studio ya Lenzi, mpiga picha za vitambulisho, na mguu mmoja wa benchi umewekewa tofali, kwa hiyo anayekaa upande huo hukaa kwa adabu. Asubuhi huwa hapo Lenzi mwenyewe, Mzee Rula aliyekuwa mwashi mpaka macho yakamkatalia, na Wakili, ambaye sheria aliisomea mlangoni mwa mahakama akisubiri kesi ya shamba la baba yake. Mimi ni mtu wa kupita na kusalimia, lakini siku hiyo nilikaa, nikapokea na kahawa. Mwanangu wa miezi minne nilikuwa naye mgongoni, amelala kwenye mbeleko, na tangu nitoke zahanati nilikuwa natetemeka mwili mzima, sijui niuambie nini utulie.

Nikawaeleza mbiombio. Kwamba mtoto anashikwa na mtikisiko, dakika nzima, macho wazi, halafu unamwachia. Kwamba kila nikimfikisha zahanati anakuwa mzima, anamchekea nesi. Kwamba jana asubuhi nesi alichoka na mimi, akasema mama, mrekodi nione mwenyewe, daktari wa watoto anakuja kesho na saa sita anaondoka. Basi mchana huo ukamshika, nikarekodi, na asubuhi hii nesi kaangalia, kanirudishia simu, kasema huyu mbona katulia kuliko mimi na wewe.

Simu ikazunguka benchi. Na kweli. Mwanangu yuko katikati, kafungwa blanketi mpaka kidevuni, uso kama umechorwa. Nyuma yake ukuta unatikisika. Kalenda inatikisika. Pazia, msumari wa pazia, ukingo wa kitanda, chumba kizima kinatetemeka isipokuwa yeye.

Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili kicheko kikakatika.

— Hiyo kazi yangu, alisema Lenzi, kwa fahari kidogo.

Akawakumbusha wenzake kwamba mwezi uliopita nililalamika picha za mtoto zinatoka kama moshi, naye akaniwekea kwenye simu kile kituliza picha, bure, cha kufuata uso. Simu ikishaukamata uso haiuachii, inaubakiza palepale katikati. Mkono ukiyumba kushoto, yenyewe inaivuta picha kulia.

— Mkono wako ndio ulitetemeka, dada, simu ikakufichia. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mzee Rula akamkemea, hiyo si methali ya kumwambia mzazi.

— Sikuishika, nikasema. Niliiegemeza kwenye kopo la maziwa. Kwa mikono yote miwili nilikuwa nimejishika kichwa.

Lenzi akairudisha picha mwanzo, akaiangalia peke yake.

Mzee Rula akasema basi ni ukuta, si ndiyo maana wakanena usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba za safu yetu alizijenga yeye, saruji ilikuwa ya kunusishwa tu, na kuna vyumba alivikabidhi huku moyo unamdunda. Wakili akamuuliza ni ukuta gani unatikisika dakika nzima, kalenda isianguke, vumbi lisidondoke. Halafu akageukia kwangu, maana mume wangu ni rafiki yake, akashusha sauti.

— Shemeji, vitu havitetemeki bure. Vinatetemeka mbele ya kinachoogopwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee Rula, badala ya kumkemea na huyo, akasema wapangaji waliotutangulia walihama na godoro wakaliacha. Nikafikiria yule ninayemnyonyesha, jinsi anavyoniangalia bila kupepesa, na aibu ikanishika kwa kufikiria hivyo, lakini nilifikiria. Mbeleko ikawa nzito. Nikakishika kikombe kwa mikono miwili, kahawa imejaa mpaka mdomoni, sijaionja.

Hapo akafika mama mmoja na kitana mkononi, mteja wa Lenzi, kaja kupiga picha ya kitambulisho. Akachungulia simu juu ya bega la Lenzi, mara moja tu, akasikia habari za kopo la maziwa, akasikia za ukuta. Halafu akaacha kuangalia simu, akaniangalia mimi.

— Dada, sasa hivi anayetetemeka ni nani, wewe au mtoto?

Wakili alitazama viatu vyake. Lenzi alikuwa ameshasimama, kidole kinakimbia kwenye simu yangu, anatafuta alikiweka wapi kile kituliza picha akizime.

Nikaangalia kikombe mikononi mwangu. Kahawa ilikuwa imetulia tuli, ukingo wa paa unaonekana ndani yake, umenyooka kama rula.

Na mbeleko bado ilikuwa inanivutavuta mabega, kidogo kidogo, haraka haraka.