Viti Vilivyobaki Kwa Mfiwa

Gari lilipotoka Mogogosiek kwenda Bomet, Kogo Chepchumba, nyanya wa watu, alifumba macho, lakini masikio yake hayakuwa na usingizi. Mbele yake Eucabeth, mama yake Atieno, aliyemzika mumewe juzi, alimwambia Chepchirchir, mwenyekiti wa kilabu chao cha kujitolea, kwamba anajitoa.

“Tulipika, tukachimba kaburi, tukaleta viti,” Chepchirchir alisema polepole. “Tumekukosea wapi, Mama Atieno?”

“Jioni mliondoka wote. Kwetu ziwani mfiwa halali peke yake. Mimi nililala na viti vyenu.”

“Sisi tulikuachia nafasi ulie. Tuliona ndiyo heshima.”

“Ungeniuliza, mwenyekiti. Ama kuongoza ni kuhutubia tu?”

Kogo alikuwa na kitendawili cha nyumba iliyojaa isiyo na wa kukusalimia, lakini akakimeza. Matanga hayategewi vitendawili.

“Leo nani analala kwako?” Chepchirchir akauliza.

“Hakuna. Na usije kwa sababu ya kilabu.”

Gari likasimama. Eucabeth akashuka bila kuaga, akashika njia ya kupita mashamba ya chai. Chepchirchir, aliyekuwa akingojewa mkutanoni Bomet, akabaki ameshika mlango.

“Mwenyekiti,” dereva akauliza, “unashuka ama tunaenda?”