Upande wa Pili Katoa Nani?

Mwaka tisini na saba kijiwe cha Nyarugusu kilikuwa benchi moja la mninga mbele ya duka la Ishwarlal, na birika la kahawa la Mzee Maige. Jumatatu moja mashimo yalikuwa yamejaa maji, wachimbaji hawakushuka, basi midomo ndiyo ikachimba. Masele, mmoja wa wachimbaji hao, alikaa mwisho wa benchi. Mwanawe Donatus, wa miaka minne, alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, vidole vya mikono na miguu vimevimba, macho ya manjano. Kaka yake Donatus alikufa hivyo hivyo kabla hajajua kutembea.

Karati, mnunuzi wa dhahabu, ndiye aliyeanza.

— Pole, Masele. Nasikia damu ya mkeo imepimwa, imekutwa mbovu.

— Nani kakwambia?

— Binamu yangu anafagia maabara. Kaona kwenye daftari: chembe zimepinda kama mundu!

Masele akaweka kikombe chini. Hata mama yake mzazi hajaambiwa, benchi limeshajua.

— Hiyo ni selimundu, akasema Profesa, fundi redio. Ugonjwa wa kurithi. Redio imesema Ulaya wataalamu wanaisoma damu kama barua. Siku si nyingi kila mtu atakuwa na kidonge chake peke yake, kimeandikwa jina.

— Jirani akikimeza? akauliza Mzee Maige.

— Anakauka hapo hapo!

— Basi na kampuni za mgodi zitapima, akadakia Karati. Damu imepinda? Hupati kazi.

— Na posa je! akasema Mzee Maige. Mshenga atadaiwa cheti cha damu kabla ya ng'ombe.

— Tutapangwa kama mnadani, akamalizia Profesa. Damu nzuri wabaki hapa kwenye dhahabu, damu mbovu wote Ushetu, wakalime tumbaku!

Wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Masele hakucheka.

— Ndugu yangu, Karati akamgeukia, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana mtoto anaumwa miguu. Mrudishe mkeo Bernadina kwao, ng'ombe wako warudi, uoe damu safi.

Masele akatazama chini. Alikuwa anajua jambo ambalo benchi halikujua. Ijumaa alikwenda hospitali peke yake, mfagiaji akiwa hayupo. Daktari akamtoa damu kidoleni, akamwonyesha kwenye hadubini. "Nawe unayo, Masele. Wewe na mkeo ni wazima, lakini kila mmoja kampa mtoto sehemu yake." Akarudi nyumbani asiseme neno. Na mama yake, akiona wajukuu wanaugua mmoja baada ya mwingine, alikuwa ameshaanza kumwita Bernadina mchawi. Masele alijua neno hilo huishia wapi katika nchi ile. Alishawahi kuzika mjane aliyekatwa mapanga kwa ajili ya neno hilo hilo. Bado akanyamaza.

Mara Bernadina akatokea, kashika chupa tupu ya uji, kanga imejaa vumbi la barabara ya hospitali. Benchi likanywea.

— Shikamoo, Mzee Maige.

— Marahaba, mama Donatus. Mtoto?

— Kalala kidogo.

Akawageukia wengine.

— Nimesikia sokoni kwamba damu yangu imefika hapa kabla yangu. Haya. Ni kweli, nimempa mwanangu mundu. Lakini daktari kaniambia mzazi mmoja hatoshi, lazima watoe wote wawili. Sasa nyie mnaojua yote, niambieni: upande wa pili katoa nani?

Wakisema ni Masele, yale maneno yao ya kuoa damu safi yamekwisha. Wakisema si Masele, wamemtukana mke wa mtu mbele ya mumewe.

Masele akasimama.

— Mimi.

— Wewe nini? akauliza Karati.

— Mimi ndiye niliyetoa. Nimepimwa Ijumaa. Siku tatu nimekaa kimya, mke wangu anatukanwa. Anayetaka kumwita mtu mchawi, aanze na mimi. Na wewe Karati, mwambie binamu yako daftari la maabara si gazeti!

Bernadina akamgeukia.

— Siku tatu, Masele.

— Nisamehe, mama Donatus.

— Twende ukamwambie mama yako. Maneno haya haya, kwa sauti hii hii.

Aliyasema uani, majirani wakisikia. Mama yake alilia, akamshika Bernadina mikono yote miwili akimwita "mayu, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, na jioni akabeba uji yeye mwenyewe kwenda wodini. Bernadina naye hakuishia hapo. Alimfuata daktari, akasimama mezani kwake mpaka daftari lile likafungiwa kabatini kwa ufunguo, na mfagiaji akahamishiwa bustanini.

Wiki iliyofuata Donatus alirudi nyumbani mabegani mwa baba yake, na vidonge vyake na amri ya kunywa maji mengi. Wakapita kijiweni kifua mbele. Benchi lilikuwa tupu. Profesa na wenzake walikuwa hospitali, wamejipanga kupimwa, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa Karati, akimwomba nesi kwa sauti ya chini afunge mlango.